Uzoefu wangu na boksi la vifaa vya saa la elfu kumi na nane, saa ya mzee ilikuwa imesimama

Saa ya mzee wangu ilisimama mwezi wa pili, saa ya mshale ya betri ya kawaida tu, ila ameivaa miaka mingi na mkono wake bila ile saa hata mimi naona kuna kitu hakipo. Niliipeleka kwa fundi mmoja, akaweka betri mpya, haikutembea, akaniambia mashine imekufa ninunue nyingine. Sikuridhika. Nikaenda Kariakoo nikanunua lile boksi la vifaa vya saa kwa elfu 18, nikasema ngoja nijaribu mwenyewe, na sikuwahi kufungua saa maishani.

Nianze na vifaa. Kisu cha kufungulia mfuniko ni kizuri, kigumu, hakikuteleza. Saa yangu ni ya mfuniko wa kubana, sio wa kuzungusha, kwa hiyo unazunguka pembeni taratibu mpaka uone kijipengo kidogo, hapo ndo unaingiza kisu, usilazimishe kwingine utakwaruza tu. Bisibisi ndogo sijazipenda, chuma chake laini, moja ilipinda ncha siku ya kwanza. Kibano ni cha chuma, na betri ukiibana nacho juu na chini kwa pamoja unakuwa umeipiga shoti, ishike pembeni au tafuta kibano cha plastiki.

Ndani nikakuta mashine imeandikwa Miyota 2035, zimejaa kwenye saa nyingi sana hizi, inatumia betri ya SR626SW, wengine wanaiita 377. Sasa sikia, betri aliyoweka yule fundi ilikuwa LR626. Umbo ni lilelile inaingia vizuri kabisa, lakini SR ni volti 1.55 na inabaki hapohapo karibu mpaka inaisha, LR inaanza 1.5 na inashuka kidogo kidogo, tena ndo zinazovuja sana. Nikaipima kwa mita ya kupimia umeme nikapata volti 1.21. Yaani betri "mpya" ilikuwa imeshachoka, imekaa dukani sijui muda gani!

Nikanunua SR, nikaipima palepale dukani ikasoma 1.56, nikaja kuweka. Mshale wa sekunde ukaanza kutikisika palepale ulipo, unataka kwenda unarudi, unataka kwenda unarudi. Kwa kweli nilifurahi, maana mashine iliyokufa kabisa haitikisiki, koili ingekuwa imekatika usingeona hata dalili. Nikatoa betri nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona kwenye kile kibati chembamba kinachogusa upande wa hasi kuna unga mweupe umeganda na ukijani kidogo pembeni, ni betri ya zamani ilivuja. Umeme ulikuwa unapita kwa shida.

Nilichofanya, kijiti cha meno nikakizungushia pamba kidogo sana, nikagusa siki, nikasugua kile kibati tu mpaka kikang'aa, halafu pamba nyingine na spiriti kuondoa siki, nikaacha wazi nusu saa ikauke. Usimwage siki humo ndani, na hapo kuwa makini na koili, ni ule waya wa rangi ya shaba uliosokotwa, ni mwembamba kuliko unywele, ncha ya bisibisi ikiteleza ikaugusa basi hapo mashine ndo imekufa kweli. Nikarudisha betri, nikasukuma kinobu cha pembeni mpaka ndani (kikiwa kimevutwa saa haitembei hata iwe nzima, kagua hicho kwanza kabla ya yote), na mshale ukaondoka. Tik, tik, tik. Niliuangalia dakika nzima bila kupepesa.

Leo ni wiki ya tatu, naifananisha na saa ya simu kila asubuhi, iko sawa. Boksi naipa 3 kwa 5, kwa bei ile linafaa kwa anayeanza ila bisibisi nunua pembeni, na mita ya kupimia haimo humo na mimi naona ndo kifaa cha kwanza kuwa nacho. Kitu kimoja bado, ule mpira wa kuzuia maji kwenye mfuniko ulikuwa umekauka ukakatika nikifunga, na mpya wa saizi ile sijaupata, kwa hiyo mzee nimemuomba aivue kila akienda kuoga, na anaivua.