Ngome ya Trim, na usiku mmoja kando yake

Mimi na mke wangu tulikwenda Trim, katika jimbo la Meath nchini Ireland, mwezi Septemba, na tuliamua kulala huko huko badala ya kurudi Dublin jioni, ingawa safari ya basi ni ya saa moja na ushei tu. Wageni wengi huja asubuhi wakaondoka alasiri, na baada ya hapo kuta zile huachiwa wenyeji wanaotembeza mbwa wao kando ya mto Boyne.

Ua wa ngome unaweza kuuzunguka peke yako, lakini jengo kuu la katikati haliingiwi bila mwongozaji, na nafasi katika kila kundi ni chache. Tulifika saa tano tukakuta ziara iliyofuata imejaa, ikabidi tungoje hadi saa saba. Sikujuta. Jengo hilo si la pembe nne za kawaida: kila upande uliongezewa mnara, hivyo likawa na pande 20, na kati ya minara minne ya awali imesalia mitatu. Hugh de Lacy, bwana wa Kinormani, alikabidhiwa Meath na Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza mwaka 1172, na ngome yake ya kwanza ya miti ilipoteketea akaanza kujenga kwa mawe. Hakuiona ikikamilika, kwani mwaka 1186 aliuawa kwa shoka huko Durrow alipokuwa akikagua ujenzi wa ngome nyingine, na kazi ikamaliziwa na mwanawe Walter. Mimi nimekulia Mombasa, na kwa Fort Jesus nilizoea kuwaza kwamba adui hutoka baharini. De Lacy alijenga kwa kuwahofia watu ambao nchi yao ameichukua.

Ngazi za kupandia ni za mawe, zinazunguka, na ni nyembamba kiasi kwamba bega langu liligusa ukuta kila nilipogeuka. Vidato havilingani kimo, kwa hiyo mwenye magoti mabovu asijidanganye. Ukifika juu unaona mji wote, na ng'ambo ya mto mnara wa abasia ya kale uliobaki kama kipande cha ukuta kilichosahauliwa kimesimama.

Malazi ndiyo yaliyoniudhi. Nyumba tuliyolala, ambayo sitaitaja, ilikuwa safi na dirisha letu lilitazama ngome, lakini hita ilizimwa usiku wa manane bila taarifa. Wakati wa kuweka nafasi niliandika wazi kwamba sisi ni Waislamu na hatuli nguruwe. Asubuhi tuliletewa sahani mbili zenye soseji, bekoni na vipande vyeusi vya soseji ya damu, na tulipoeleza tatizo, mhudumu, kijana mwenye adabu kabisa, aliviondoa kwa uma mbele yetu kisha akaturudishia mayai yale yale, yanang'aa mafuta ya kikaango kile kile. Niliomba mengine, nikaambiwa mpishi ameshaondoka. Anayehitaji chakula halali apige simu mapema na asitegemee ujumbe wa maandishi.

Tulilipa, tukanunua mkate na jibini dukani, tukaenda kula kwenye ukingo wa Boyne, ngome ikiwa mbele yetu na kunguru wakizunguka juu ya ile minara mitatu.