Ofa ya nyumba kupitia dalali: uanze chini au utaje bei moja?

Ukianza chini, unajiachia nafasi ya kupanda. Njia hii inafaa kwa nyumba iliyokaa sokoni muda mrefu, au pale fundi alipokagua akakuta ufa ukutani ama paa linalovuja. Gharama ya ukarabati inakuwa hoja yako, na dalali anapata cha kumweleza muuzaji. Bila hoja, ofa ya chini mno humuudhi mwenye nyumba.

Kutaja bei moja na kusimama nayo kunataka moyo. Mimi naipendelea wanunuzi wakiwa wengi, mradi iende kwa maandishi, pamoja na uthibitisho wa mkopo wa benki na siku ya mwisho ya kujibiwa.

Kwa vyovyote vile, usimtajie dalali kikomo chako, kwani mara nyingi analipwa na muuzaji. Ila naye anataka biashara ikamilike: kwa kamisheni ya asilimia 2, bei ikishuka kwa 1,000, muuzaji anapoteza 980, yeye 20 tu. Kwa hiyo mwulize waziwazi kwa nini nyumba inauzwa. Muuzaji anayehama kikazi anaweza kuthamini malipo ya haraka kuliko nyongeza ndogo.