Podofilotoksini ya kupaka nyumbani: siku tatu, basi

Kati ya dawa za masundosundo (vinyama vinavyoota sehemu za siri) ambazo mtu anaweza kujipaka mwenyewe, podofilotoksini ya maji ya asilimia 0.5 ndiyo tunayoitanguliza kwa mwanamume mwenye vinyama vichache, laini, vilivyo mahali anapopaona vizuri. Mwanamke, au mwenye vinyama kandokando ya njia ya haja kubwa, achukue krimu ya asilimia 0.15. Dawa ya maji huko hutiririka ikaunguza pasipohusika. Krimu hutulia ulipoiweka, ingawa utahitaji kioo na mwanga wa kutosha.

Soma lebo kabla hujalipa. Podofilini na podofilotoksini ni dawa mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakoleta majanga mengi. Podofilini ni utomvu wa mmea wenye mchanganyiko wa vitu vingi, huandaliwa kwa asilimia 10 hadi 25 ndani ya tincha ya benzoini (spiriti yenye utomvu wa mti), nguvu yake haitabiriki, na hupakwa na mhudumu wa afya kisha ikaoshwa baada ya saa 1 hadi 4. Aliyeuziwa hiyo akaambiwa alale nayo ataamka na kidonda. Dawa za chunjua za nyayo zenye asidi ya salisili nazo hazina kazi sehemu za siri, hata muuzaji aape vipi.

Kupaka kwenyewe si kazi kubwa. Osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Chovya kijiti, kung'utia tone la ziada kwenye mdomo wa chupa, kisha gusa kinyama peke yake. Dawa hii huzuia seli kugawanyika na haibagui kinyama na ngozi nzima, kwa hiyo paka vaselini kuzunguka ikiwa mkono wako hautulii. Subiri ikauke kabla ya kuvaa. Asiyetahiriwa asirudishe govi mpaka pakauke. Nawa mikono. Dawa ya maji ina spiriti, usiipake karibu na mshumaa au jiko.

Ratiba: asubuhi na jioni kwa siku 3 mfululizo, kisha pumzika siku 4. Huo ni mzunguko mmoja. Rudia hadi minne, basi. Kwa siku usizidishe mililita 0.5, na vinyama vyote kwa jumla visizidi eneo la sentimita 10 za mraba. Vikizidi hapo, hiyo si kazi ya nyumbani.

Watu huharibikiwa siku ya tatu. Kinyama kimeanza kuwa cheupe, ngozi inawaka, mtu anajiambia dawa inafanya kazi, anaongeza siku ya nne na ya tano. Kuwaka kidogo, wekundu na michubuko ya juu juu ni mambo ya kutarajiwa, na zile siku nne za mapumziko zipo ili ngozi ipone. Ukizidisha, michubuko inageuka vidonda, na govi linaweza kuvimba hadi lisivutike. Hapo osha kwa sabuni na maji mengi, acha dawa, nenda kituoni. Tendo la ndoa lisubiri mpaka ngozi ipone.

Malalamiko yetu makubwa hayahusu chupa, yanahusu namna inavyouzwa: mtu anaeleza kwa mdomo, anapewa dawa, hakuna aliyemwangalia. Safu ya vipele vidogo vya rangi moja inayozunguka kichwa cha uume ni maumbile, haihitaji dawa yoyote. Vipele vyenye kitobo katikati mara nyingi ni moluska, ugonjwa mwingine wa ngozi unaoletwa na virusi. Uvimbe bapa, wenye majimaji na weupeupe, unaweza kuwa kaswende ya hatua ya pili, ambayo hutibiwa kwa sindano ya benzathini penisilini; ukiupaka podofilotoksini unapoteza wiki nne huku ugonjwa ukiendelea mwilini. Kwa hiyo pima kaswende na VVU kwanza. Kinyama kinachovuja damu, chenye kidonda, cheusi kuliko ngozi ya jirani au kilichoshikana na nyama ya chini kikatwe kipande kipimwe.

Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse kabisa. Masundosundo hupenda kukua wakati wa ujauzito, na mama huyo atahudumiwa kituoni kwa kugandishwa kwa naitrojeni ya maji au kupakwa asidi ya trikloroasetiki. Dawa hii pia haiingizwi ndani ya uke, ndani ya njia ya haja kubwa wala kwenye mlango wa kizazi.

Vinyama vya zamani vilivyokomaa vikawa vigumu huidharau. Hivyo vichomwe kwa umeme, vigandishwe au vikatwe. Mwenye ngozi nyeusi ajue kwamba kugandisha kunaweza kuacha baka jeupe la muda mrefu.

Dawa huondoa kinyama, haiui HPV, kirusi kinachokisababisha. Vikirudi, mara nyingi ni ndani ya miezi 3 ya mwanzo, na unaweza kuanza mzunguko upya. Vingi husababishwa na aina ya 6 na ya 11, ambazo si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, lakini mtu anaweza kubeba aina kadhaa kwa pamoja. Mwanamke asiache uchunguzi wake wa kawaida kwa sababu vinyama vimekauka.