Bamia: mbegu moja kwa moja bustanini au miche ya kitaluni?

Bamia ina mzizi mkuu unaozama chini mapema, nao haupendi kuguswa. Ndiyo maana mimi napendelea kupanda moja kwa moja: loweka mbegu usiku kucha, zifukie kina cha sentimita 2, mche hadi mche sentimita 30 au zaidi, basi. Ila udongo uwe na joto. Penye baridi na majimaji mbegu huoza tu.

Kitalu kinafaa pale msimu wa joto ni mfupi, au konokono wanapomaliza miche michanga (na wanaijua bamia!). Otesha kwenye vikopo vya karatasi, uhamishe mche ungali mdogo, pamoja na udongo wake wote. Ukiung'oa mizizi ikabaki mitupu, utadumaa, kama haukufa kabisa.