Uzoefu wangu na avoka (wakili) Lubumbashi: pale tulimuhitaji kabisa na pale yeye mwenyewe alitukatalia

Watu wa kwetu Kampemba, commune moja ya hapa Lubumbashi, Congo, hawaachi kuniuliza, ule avoka mulimulipa alifanya nini kweli ao alikula tu pesa? Bon, nitajibu hapa mara moja. Nilimupelekea mambo mbili ku kabine moja (ofisi ya ma avoka) ya centre-ville: ya mudogo wangu aligongwa na kamyo, na ya yaya yangu mujane, mashemeki (ndugu za bwana yake) walikuwa wanataka kumutosha mu nyumba. Ile ya kwanza, bila avoka wangetumaliza. Ile ya pili, avoka mwenyewe njo alituambia tuweke pesa yetu mufuko.

Nianze na kamyo. Mudogo alikuwa anarudi na pikipiki ku barabara ya Likasi, wenye kuipita wanaijua, kamyo za madini usiku na muchana, mavumbi mu macho, na sisi wa pikipiki tunatembea pembeni kama kuku. Kamyo ikamupita karibu sana, ikamugusa, akaanguka, mguu ukavunjika chini ya goti. Tukamupeleka hospitali ya Sendwe. Kesho yake, ata dawa ya maumivu haijamuacha vizuri, kijana moja wa kampuni yenye kamyo akaingia mu sale na matunda, na jus, na bahasha. Mupole kabisa, anaita mama yangu "maman", anasikitika na sisi. Mu bahasha dola 400 na karatasi moja ya kusaini. Mama alikuwa tayari anatafuta miwani yake.

Kwangu mimi pale njo saa ya avoka. Siku ya ajali unahitaji daktari, na polisi wa roulage (wa barabarani) waje kuchora croquis (mchoro wa ajali) mbele kamyo haijaondolewa pale. Avoka ule siku angefanya nini? Lakini karatasi ikifika, na inafika haraka kuliko ndugu zako wa Kolwezi, usisaini kitu mbele mutu wa sheria haijaisoma.

Nilipiga ile karatasi picha nikaenda nayo. Maître, njo namna tunaita avoka, akaisoma na kalamu mukononi, kimya, mupaka chini, kisha akazungushia maneno "pour solde de tout compte", maana yake hesabu yote imeisha, hakuna tena deni.

"Papa, daktari alishasema mudogo wako atatembea lini?"

Nikamwambia bado.

"Sasa mutasaini namna gani kama hesabu imeisha, na ata hesabu yenyewe hamuijue? Wakirudia kumupasua mwezi ya sita huko, nani atalipa?"

Ile consultation tulilipa dola 20 na kama ingeishia pale pale bado ningesema pesa yangu ilifanya kazi. Juu kampuni ilikuwa imeshaanza kutuimbia ingine wimbo, eti dereva walimufukuza, muende mumutafute yeye. Maître akacheka. Akatuonyesha Code civil, livre ya tatu, article 258 inasema mwenye kuleta hasara kwa kosa lake analipa, 259 inaongeza ata kama ni uzembe tu, na 260 njo ile yenye kuuma wakubwa: patron anajibu kwa ubaya mufanyakazi wake alifanya akiwa mu kazi yake. Kumufukuza dereva kisha ajali haifute kitu. Tena asiransi (bima) ya gari ni lazima kwa sheria tangu 1973, kwa hiyo nyuma ya kamyo kuna mutu mwingine mwenye kulipa, unatakiwa tu ujue ni nani, na siku hizi haiko tena SONAS (asiransi ya Serikali) peke yake juu sheria ya 2015 ilifungulia na makampuni mengine. Basi kitu ya kwanza kabine ilifanya ni kuandikia kampuni wataje mwenye asiransi wao.

Kitu ingine sikuijua, na naona watu wengi hawaijue: muda. Kumuumiza mutu bila kusudia, Code pénal inaipa mwisho mwaka moja ya gereza, na kosa ya namna ile ikipitisha mwaka moja bila parke (ofisi ya mwendesha mashitaka) kufanya kitu, njia ya penal (ya kushitaki kosa) inafungwa. Njia ya civil (ya kudai pesa ya hasara) inabaki na ni ndefu sana, lakini ile ya penal njo inaogopesha kampuni, na unaweza kujiweka partie civile (mwenye kudai hasara yake) pale pale ule juge akakata na dommages-intérêts (malipo ya hasara). Sasa wewe kaa nyumbani unangoja kijana wa matunda arudie na "tutaongea", utaona mwaka inapita namna gani.

Kazi yenye ilinishangaza haikuwa ya maître, ilikuwa ya stajere wake (avoka mwenye bado anajifunza kazi), binti moja mukali. Alitutuma kuleta PV (ripoti ya polisi) na croquis ku polisi, certificat médical yenye kusema mguu utachukua miezi ngapi na utabaki na ulemavu gani, faktire za hospitali, faktire za pharmacie ata zile ndogo ndogo za gants na coton. Kisha akauliza: mudogo anapata pesa ngapi kwa mwezi? Anauza chaja na vioo vya telefone ku soko ya Kenya, commune ya hapa Lubumbashi, fiche de paie (karatasi ya mushahara) atatoa wapi? Binti akasema leta historia ya M-Pesa yake. Tukaitosha, malipo yote alikuwa anatumia grossiste (mwenye kumuuzia kwa jumla), wiki kwa wiki, na pale unaona kabisa siku pesa ilikatika, siku ya ajali. Ile mistari ya telefone ilisema kuliko sisi wote.

Sasa ya yaya. Bwana yake alikufa, kisha matanga tu mashemeki wakafika na kufuli mupya. Kichwa yangu ilikuwa moto, nikasema tunaweka avoka, tunawashitaki wote. Maître akauliza kwanza muliandikisha ndoa ku commune? Ndiyo. Watoto wako na actes de naissance (vyeti vya kuzaliwa) kwa jina ya baba? Ndiyo. Akasema basi dosye yenu iko na nguvu, hamuna haja ya kunilipa sasa niwasimamie ku tribunal. Juu Code de la famille ya 1987, ile walirudilia mu 2016, inaweka watoto wa marehemu mbele, wanachukua robo tatu, ile robo inabaki njo inagawanywa kati ya mujane, wazazi na ndugu za marehemu. Na mujane anabaki na haki ya kuishi mu nyumba walikuwa wanaishi pamoja na kutumia vyombo vyake. Akatuandikia barua moja tu, na article ndani yake, tukalipa barua. Yaya akaipeleka na mukubwa wa avenue na pasta wao. Kufuli ikarudi kwa mwenyewe. Bamashemeki mupaka leo hawatusalimie vizuri lakini watoto wanalala kwao.

Kama wangekataa? Tungeenda tripaix (tribunal de paix, tribunal ndogo ya kuanzia), na pale njo ningeweka mutu wa kutusimamia. Ata divorce, wenye kuuliza, unaanza wewe mwenyewe kwa président wa tripaix, kwa kuandika ao kwa mudomo, na atajaribu kwanza kuwapatanisha. Avoka anakuwa wa lazima kwangu kama kuna nyumba, parcelle, watoto wanagombaniwa, ao mwenzako alishaweka wake.

Kuna na wale wanaitwa défenseurs judiciaires, wenye kusimamia kesi bila kuwa ma avoka. Wengi wanawazarau bure. Wanaruhusiwa kusimama ku tripaix na ku tribunal de grande instance (ile ya juu yake), bei yao ni ndogo, na kwa mambo ya pension ya watoto ao kugombana mupaka wa parcelle wanatosha. Ila ikipanda cour d'appel (rufaa) hawapite, na hapo utaanza kulipa mutu mupya kusoma dosye kutoka ukurasa ya kwanza. Na kama hauna kabisa, sheria ya baro (chama cha ma avoka) ya 1979 inataka baro iwe na biro ya consultation ya bure kwa wasio na uwezo, enda uulize mbele ya kuuza friji. Wale wenye kukukamata ku mulango ya hospitali ao chini ya muti ya parke, "mimi niko na avoka yangu, tupe tu provision (pesa ya kuanzia)", uliza karte ya baro. Moja alinionyesha karte ya uchaguzi! Wallahi.

Malalamiko niko nayo. Bei ya kufungua dosye walisema wazi, dola 150, lakini hakuna mutu alituambia mapema kama huissier (mwenye kupeleka barua za tribunal) ni pesa, greffe (ofisi ya karatasi za tribunal) ni pesa, fotokopi, transport ya stajere kwenda kufuata PV, vyote juu yetu. Mwishoni niliomba waniandikie kila kitu na reçu, wakaandika, lakini ilibidi niombe. Na simu! Kulipa, anashika mara ya kwanza. Ukishalipa unaanza kuongea na stajere, na stajere akiwa ku audience (mu kesi) unaongea na sentinelle (mulinzi).

Kwa sasa asiransi imekubali faktire zote za hospitali, wanabishana bado juu ya ulemavu wa mguu, wanataka daktari wao amupime mudogo, na maître amesema sawa lakini wa kwetu awe pale pale chumbani. Nampa 7 ku 10. Zile tatu ni za simu.