Uzoefu wangu wa kununua vitabu vya Kiarabu nyuma ya Al-Azhar, Cairo

Katika miaka niliyosoma Misri nilinunua karibu vitabu vyangu vyote kwenye maduka yaliyo nyuma ya Msikiti wa Al-Azhar, mtaa wa Darb al-Atrak na vichochoro vyake, na ninaandika maoni haya kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa madrasa wa kwetu wanaotaka kununua huko au kumwagiza mtu. Nimeridhika sana, hasa kwa sababu wauzaji wanakijua wanachokiuza. Ukitaja matini (kitabu cha msingi) ya fiqhi ya Kishafii, muuzaji atakuuliza unataka sharhi (maelezo ya matini) ipi, yenye hashiya (maelezo ya ziada juu ya sharhi) au isiyo nayo, kisha atakuuliza chapa ya nani.

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Vitabu vya wanazuoni wa zamani havina mwenye hakimiliki, kwa hiyo nyumba yoyote ya uchapishaji inaweza kuvitoa, na kitabu kilekile hukaa rafuni katika chapa kadhaa zenye bei tofauti kabisa. Chapa moja imehakikiwa na mtu aliyelinganisha miswada, akaitaja ilipohifadhiwa na kuweka picha za kurasa zake mwanzoni. Nyingine imenakiliwa tu kutoka chapa ya zamani ya Bulaq, kiwanda cha uchapaji cha serikali ya Misri, makosa yakiongezeka njiani. Ziko pia nakala za bei ndogo zilizopigwa picha kutoka chapa za zamani, ambazo herufi zake hufifia karibu na mshono. Sisemi kwamba chapa za kale ni mbaya: wengi tuliosoma vyuoni pwani tulilelewa na zile za Mustafa al-Babi al-Halabi, nyumba ya uchapishaji ya Cairo, zenye kitabu kimoja katikati ya ukurasa na kingine pambizoni, na kwa usahihi baadhi yake bado zinazishinda chapa mpya zenye majalada ya kung'aa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, fungua nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Kitabu kilichotolewa Misri katika miaka ya karibuni hubeba namba ya amana, yaani ya kuandikishwa kwa kitabu, ya Dar al-Kutub, maktaba ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1870, na namba hiyo huandikwa pamoja na mwaka, hivyo unajua chapa iliandikishwa lini hata kama jalada linadai ni mpya. ISBN, namba ya kimataifa ya kitabu, ya Misri utaitambua kwa 977 inayofuata 978. Vingi vina pia kadi ya fahirisi, yaani maelezo mafupi ya kitabu kwa ajili ya maktaba, ambayo hutanguliza jina alilojulikana nalo mwandishi, kwa mfano al-Suyuti kabla ya Abd al-Rahman, pamoja na miaka yake, 1445–1505, kisha hutaja mchapishaji, idadi ya juzuu na kimo cha kitabu kwa sentimita. Mnunuzi asiipuuze idadi hiyo ya juzuu. Ailinganishe na mzigo ulio mbele yake kabla haujafungwa kamba.

Kasoro niliyokutana nayo ni ya ufungaji. Duka moja liliniuzia seti ambayo katika juzuu yake mojawapo fungu la kurasa 16 lilirudiwa mara mbili na fungu lililopaswa kufuata halikuwamo. Juzuu hiyo walinibadilishia, ingawa baada ya mabishano marefu, na waliiangalia risiti kwanza. Kwa anayesafirisha vitabu hadi Mombasa au Dar es Salaam, kubadilishiwa namna hiyo ni vigumu mno, kwa hiyo kila juzuu ifunguliwe na namba za kurasa zifuatwe hapohapo dukani, hata muuzaji akionyesha kuchoka. Wanaotafuta riwaya na vitabu vya siku hizi watapata zaidi katika maduka ya mtaa wa Talaat Harb, na vilivyotumika viko Sur al-Azbakeya, soko la vitabu karibu na Ataba, ambako nafuu ya bei ni kubwa lakini seti kamili ni adimu.