Dogo wa kuosha miguu Sinza: kazi yake naikubali, mafuta yake hapana

Mimi ni mlinzi, navaa mabuti kuanzia magharibi hadi asubuhi, kwa hiyo miguu yangu si ya kuanika hadharani. Mwaka jana geti la chuma lilinibamiza kidole gumba cha mguu, ukucha ukavilia damu, ukawa mweusi tii, mwisho ukabanduka wote. Tangu hapo nimekuwa mteja wa kudumu wa dogo mmoja anayezunguka Sinza, Dar es Salaam, na beseni lake na kikapu cha rangi za kucha, akigonganisha vichupa ndiyo tangazo lenyewe.

Kwenye kuosha, dogo yuko vizuri. Maji ya uvuguvugu, sabuni, unaloweka mpaka ngozi inalainika. Halafu anaviringisha pamba kwenye kijiti na kupitisha chini ya ukucha polepole, anatoa uchafu ambao hata hujui ulikuwa unatembea nao. Magaga anayasugua bila kukutoa damu. Kucha anakata kwa kunyoosha, hachimbi pembeni. Hilo ndilo lililonifanya nimng'ang'anie, maana wengi wanazungusha mkasi mpaka kwenye kona, na baada ya wiki ukucha unaota kwa kuingia nyamani. Waliowahi kuugua hilo wanajua usingizi unavyokosekana.

Shida yangu ni jiwe. Jiwe la kusugulia lina vitundu, na lile lile linapita miguu ya mtaa mzima. Kulisuuza kwenye beseni hakutoshi. Mimi naenda na jiwe langu na mkasi wangu, na yeye hanuni.

Sasa mafuta. Ana kichupa cha "kukuza kucha", shilingi 7,000. "Mzee wangu, wiki mbili tu utauona umejaa." Wiki mbili! Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, wa mguu karibu nusu ya hapo. Wa kidole gumba ukitoka wote, mpya huchukua miezi 12 hadi 18 kufika mwisho, na umri ukienda unazidi kusuasua. Tena unatengenezwa kwenye shina, chini ya ngozi. Hicho unachokipaka mafuta kimeshakufa. Kitalainika, kitang'aa, basi. Wangu umefika katikati, una mawimbi mawimbi, na sina haraka nao.

Jingine: akikuta ukucha wa njano, mnene, unaomeguka kama chaki, dogo anaufunika kwa rangi. Mwenzangu wa lindo alifunikwa hivyo muda mrefu. Hospitali wakakwangua kidogo, wakapima, wakakuta fangasi. Akaandikiwa vidonge vya terbinafini vya wiki 12, na ini likaangaliwa kwanza. Vidonge vimekwisha na ukucha bado mbaya, anadhani kaibiwa. Hajaibiwa, ule mbovu lazima usukumwe taratibu na mzima unaotoka nyuma.

Mwenye kisukari asimpe dogo mguu wake, hata kama anamwamini vipi. Kidonda kidogo cha mkasi kwake ni habari nyingine.

Bei ni 5,000 miguu yote miwili, rangi ikiwemo (mimi naiacha). Magaga yakiwa sugu anaongeza 2,000, na hapo hapunguzi hata umlilie. Jumamosi jioni usimsubiri, akina dada wameshamchukua.